Ufa wa Meza Haufichwi, Unashikwa

Juma hili tunazungumza juu ya meza.

Karibu kila nyumba ya Butembo na Beni ina meza moja ya mbao iliyopasuka. Labda ni ile ya kulia chakula. Labda ni ile ambayo mtoto anaandikia kazi za shule jioni, au ile inayotolewa nje kila asubuhi kubeba mandazi, nyanya, chumvi na samaki wa Kyavinyonge. Ufa ulianza mwembamba kama unywele. Misimu ikapita, ukaingia ukucha. Leo unga na chembe za sombe zinazama humo, na hata tukisugua kwa burashi hazitoki zote. Mgeni akija, tunatandika kitambaa haraka.

Mashauri tunayopewa huwa mawili: tupa ununue mpya, au bandika kitu juu ufa usionekane. Tunaleta shauri la tatu. Ufa ushikwe usiendelee, kisha upambwe kwa namna ambayo mgeni ataona na kuuliza nani amefanya. Kazi hii haihitaji mashine kubwa wala umeme. Inahitaji patasi moja, uvumilivu, na kuielewa mbao.

Tena tusiseme ni mambo ya urembo tu. Meza ya mbao ngumu ni mali ya nyumba. Kuna mama aliyeinunua siku alipopokea zamu yake ya likelemba, na kuna aliyeirithi kwa mama mkwe. Tangu mauaji yaliyoanza Oktoba 2014 katika eneo la Beni, familia nyingi zimekimbia vijiji bila kubeba chochote, na zilipofika mjini zilianza upya kwa mkeka, sufuria na pengine meza kuukuu ya kununua kwa mtu, ambayo ilikuja na ufa wake. Kwa mama anayeuza juu ya meza hiyo, siku itakapogawanyika vipande viwili sokoni, mtaji wake utakuwa chini kwenye tope. Kushika ufa mapema ni kulinda mkate wa watoto.

Kwa nini mbao inapasuka

Mti uliokatwa leo umejaa maji. Ukipasuliwa mbao, maji yanaanza kutoka. Mwanzoni mbao inapungua uzito tu. Lakini unyevu ukishuka chini ya karibu asilimia 30, mbao yenyewe inaanza kusinyaa, na haisinyai sawa kila upande. Kwa urefu haipungui karibu kitu. Kwa upana inapungua sana, na kuzunguka zile duara za mti inapungua karibu mara mbili kuliko kutoka kiini kwenda gandani. Upande mmoja unavuta, mwingine unakataa, na mwisho nyuzi zinaachana. Huo ndio ufa. Huanzia mara nyingi kwenye ncha za mbao, kwa sababu maji hutoka upesi zaidi pale nyuzi zilipokatwa.

Hata mbao iliyokauka haitulii milele. Ikija mvua inakunywa unyevu wa hewa na kupanuka. Likija jua inasinyaa tena. Butembo iko juu, zaidi ya mita 1,700, na asubuhi yake ni ya baridi na ukungu. Beni iko chini zaidi, karibu mita 1,200, kuna joto na msitu uko jirani. Kati ya miji hii miwili ni kilomita 50 na kitu tu, lakini meza iliyozoea sebule ya mji mmoja ikihamia mwingine itajipima upya. Ufa ukitokea miezi michache baada ya kuhama, tusishangae.

Aina ya mti nayo ina neno lake. Vilima vyetu vimejaa mikaratusi, na meza nyingi za bei nafuu zinatoka humo. Mkaratusi hukua haraka na huweka mvutano mkubwa ndani ya shina. Mafundi wanajua kwamba gogo lake laweza kupasuka lenyewe mara tu baada ya kukatwa. Mvule unatulia zaidi, na ndiyo sababu unatafutwa sana. Mbao ngumu za msituni, za upande wa Beni na Mambasa, zinapita Kasindi kwenda Uganda na hata Kenya. Kila meza inayotupwa kabla ya wakati wake inaita mti mwingine kutoka msitu huo huo.

Sababu nyingine ni mkono wa fundi. Chini ya meza kuna mbao za kukingama, zinazopita upande mwingine kabisa wa nyuzi za uso wa meza. Fundi akizipigilia misumari kwa nguvu bila kuacha nafasi, uso wa meza utataka kusinyaa na mbao za chini zitakataa. Mahali pa kupumulia hakuna, basi uso unapasuka katikati. Meza nyingi tunazolaumu kwamba zina mbao mbaya zilipasuka kwa misumari hiyo.

Mwisho ni sisi wenyewe na kazi za nyumba: mbabula iliyowekwa karibu na mguu wa meza, sufuria ya moto juu ya mbao tupu, meza kuachwa juani siku nzima kisha mvua ya jioni. Wakati wa Ebola, kuanzia 2018 hadi 2020, tulijifunza kuosha mikono na vitu vyetu kwa maji yenye klorini, na desturi ya usafi ibaki. Tukumbuke tu kwamba meza iliyooshwa inafutwa ikauke papo hapo. Maji yakilala ndani ya ufa, yanapanua mbao leo na kuipasua zaidi kesho.

Soma ufa kabla ya kuugusa

Kwanza, geuza meza miguu juu na uitazame chini. Je, ufa umetoboa hadi upande wa pili, au uko juu tu? Je, unafuata mstari ulionyooka kabisa kutoka mwanzo hadi mwisho? Kama ndivyo, huenda si ufa. Ni mahali mbao mbili zilipoungwa, na gundi imeachia. Dawa yake ni kusafisha gundi ya zamani, kupaka mpya na kufunga kwa nguvu hadi ikauke. Kama huna jiliwa ya kubania, kata mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli uwe utepe mrefu, uzungushe meza mara nyingi huku ukivuta. Mpira huo unabana vizuri kuliko kamba.

Ukiona vitundu vidogo na unga mwembamba unaodondoka, hao ni wadudu. Watibiwe kwanza, la sivyo tutapamba nyumba yao.

Pili, jua kama ufa bado unatembea. Chukua penseli, weka alama mahali ufa unapoishia na uandike tarehe pembeni. Kisha bandika kipande chembamba cha karatasi kuvuka ufa, kwa gundi pande zote mbili. Acha majuma machache, ikiwezekana ipite mvua na jua. Karatasi ikichanika au kujikunja, au ufa ukipita alama yako, mbao bado inatembea. Karatasi ikibaki nzima, mbao imetulia.

Tatu, toa uchafu. Tumia kisu chembamba, sindano ya kushonea magunia na burashi kavu. Usimwagie maji. Gundi haishiki juu ya mafuta ya kula wala vumbi la miaka.

Iachie mbao nafasi ya kupumua

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa ukuta wa matofali ni kweli tupu. Lakini ukuta unakaa mahali pake, na mbao inatembea. Ukijaza ufa wa meza kitu kigumu wakati wa jua kali, ufa ukiwa umefunguka kabisa, mvua ikija mbao itapanuka na kusukumana na ulichojaza. Itakosa pa kwenda, na ufa utasonga mbele au utazaa mwingine pembeni.

Kwa hiyo, kabla ya urembo wowote, tazama misumari ya mbao za kukingama. Ing'oe, weka skrubu mahali pake, na tundu la skrubu katika mbao ya kukingama lipanuliwe liwe refu kidogo kufuata upana wa meza, si la duara. Skrubu itashika meza isiinuke, lakini uso wa meza utaweza kusogea milimita chache kwenda na kurudi. Katikati tu ndipo tunakaza bila nafasi, ili pande zote mbili zisogee sawa. Kazi hii inachukua chini ya saa moja, na pengine ndiyo muhimu kuliko zote zinazofuata, ingawa hakuna mgeni atakayeiona.

Kipepeo cha mbao

Sasa tunafika kwenye urembo unaofanya kazi. Njia inayojulikana duniani kote ni kuweka kuvuka ufa kipande cha mbao chenye umbo la kipepeo: mapana pande mbili, membamba kiunoni. Kiuno kinakaa juu ya ufa, mabawa yanashika mbao upande huu na upande ule. Kwa sababu mabawa ni mapana kuliko kiuno, hayawezi kuvutwa yakatoka.

Aliyefanya kipepeo hiki kipendwe katika meza za kisasa ni fundi mmoja wa Marekani, George Nakashima, mwana wa wazazi Wajapani, aliyezaliwa mwaka 1905. Mwaka 1942, wakati wa vita, serikali ya Marekani iliwakusanya watu wenye asili ya Japani na kuwafungia makambini, zaidi ya watu 100,000. Nakashima alipelekwa kambi ya Minidoka, katika jimbo la Idaho, pamoja na mke wake na binti yao Mira, aliyezaliwa mwaka huo huo. Huko kambini alikutana na fundi aliyefunzwa useremala wa Kijapani, Gentaro Hikogawa, akawa mwanafunzi wake. Walifanya kazi na mabaki ya mbao waliyookota. Mwaka 1943 familia iliachiliwa, ikaenda Pennsylvania, na huko Nakashima akajenga karakana yake. Alichagua magogo mapana yenye nyufa ambayo wengine waliyakataa, akazishika nyufa kwa vipepeo na kuziacha zionekane. Alifariki mwaka 1990, meza zake zikiwa zimekuwa za thamani kubwa. Binti yule aliyekuwa mchanga kambini, Mira, ndiye aliyeendeleza karakana baada ya baba yake.

Tunasimulia haya kwa ajili ya dada zetu waliokimbia makwao. Ufundi huu uliokotwa kambini, katika mabaki, na mtu aliyepoteza nyumba.

Haya, tuufanye.

Tafuta kipande cha mbao ngumu na kavu, chenye rangi tofauti na meza: mvule wa kahawia juu ya meza nyeupe, au mbao nyeupe juu ya meza nyekundu ya libuyu. Karakana za mafundi zina mabaki mengi, omba. Kwa meza yenye unene wa sentimita 3, kipepeo kiwe na unene wa sentimita 1 hadi 1 na nusu, urefu wa sentimita 8 hivi, mabawa sentimita 4, na kiuno karibu theluthi moja ya upana wa mabawa. Jambo la lazima: nyuzi za kipepeo zipite kwa urefu wake, kutoka bawa hadi bawa, yaani zivuke ufa. Zikipita sambamba na ufa, kipepeo kitakatika kiunoni kama biskuti.

Kata kipepeo kwanza, ukisawazishe kwa tupa na msasa. Upande wa chini upunguze kingo kidogo sana ili kiingie kwa urahisi. Kiweke juu ya ufa, kiuno katikati, ukishike kisicheze, kisha chora pembeni yake kwa ncha ya kisu. Penseli inaacha mstari mnene unaodanganya. Kisu kinaacha mstari mwembamba ambao patasi itaukalia.

Chimba ndani ya mstari kwa patasi kali na nyundo, kidogo kidogo, ukianza katikati na kukaribia kingo mwishoni. Kina kiwe pungufu ya unene wa kipepeo kwa milimita 1 au 2, ili kipepeo kibaki kimeinuka kidogo. Jaribu mara nyingi bila gundi. Kiingie kwa kugongwa taratibu: kisidondoke chenyewe, na kisilazimishwe hadi mbao ilie.

Paka gundi nyeupe ya mbao ndani ya shimo na kwenye kingo za kipepeo, kigonge kwa kipande cha mbao juu yake, futa gundi iliyotoka kwa kitambaa chenye unyevu. Acha siku nzima. Katika baridi ya Butembo ni afadhali siku mbili, maana gundi inachelewa kukauka. Kisha randa na msasa mpaka kidole kisihisi kilima.

Je, vipepeo vingapi? Cha kwanza kiwe karibu na mahali ufa unapoishia ndani ya meza, kwa sababu ndipo unapotaka kusonga. Cha pili kiwe karibu na mdomo wa ufa, ukingoni. Ufa mrefu ukubali cha tatu katikati. Vitatu vyenye ukubwa unaopungua, kama mama na watoto wake, vinapendeza kuliko vitatu vya kulingana.

Kushona kwa waya wa shaba

Si kila meza ni nene ya kutosha kuchimbwa. Kwa meza nyembamba tuna njia ambayo bibi zetu wangeitambua mara moja, kwa sababu ni ile ya kibuyu. Katika nchi nyingi za Afrika kibuyu kilichopasuka hakikutupwa. Kilitobolewa vitundu pande zote mbili za ufa na kushonwa kwa uzi wa mmea au waya. Mabakuli ya mbao nayo yalishonwa hivyo. Mwaka 2007, jumba la makumbusho la Quai Branly mjini Paris liliandaa maonyesho mazima juu ya vitu vya Afrika vilivyotengenezwa upya baada ya kuvunjika. Mshono uliobaki wazi ulionyesha kwamba kitu kile kilikuwa na mtu aliyekithamini.

Kwa meza, toboa vitundu viwili viwili vinavyotazamana, kila kimoja sentimita 1 na nusu kutoka ufa. Kati ya jozi moja na nyingine acha sentimita 4. Vitundu viwe vyembamba, waya upite kwa kujibana. Kwa ncha ya tupa ya pembe tatu, chora mfereji mdogo kutoka tundu hadi tundu, waya ulale ndani yake na usikwaruze mikono. Pitisha waya kutoka juu, kunja ncha mbili chini ya meza, zisokote pamoja kwa koleo, kisha zigonge zizame ndani ya mbao ili magoti ya watoto yasichanike.

Waya wa shaba wenye unene wa milimita 1 hadi 2 unatosha. Ununue au uombe kwa fundi wa umeme. Usichome nyaya kuyeyusha plastiki yake, moshi ule ni sumu. Menya kwa kisu. Waya una faida nyingine: unakubali kunyumbuka kidogo mbao inaposogea. Mwanzoni shaba inang'aa kama hereni, kisha inageuka kahawia yenye utulivu. Mishono iliyopangwa sawasawa juu ya ufa wa kupinda inafanana na ushanga.

Kujaza kwa rangi

Kwa meza ya chakula na ya biashara, kushika ufa hakutoshi. Lazima pia tuufunge, uchafu usiingie. Hapa tuige mafundi wa majahazi wa Lamu na Zanzibar. Kati ya mbao na mbao ya chombo hawaweki kitu kigumu. Wanapigilia pamba iliyolowa mafuta, na kazi hiyo wanaiita kutia kalafati. Mbao ikinywa maji na kupanuka, pamba inajibana na kufunga vizuri zaidi. Somo ni hili: mbao inayotembea ijazwe kitu laini, na mbao iliyotulia tu ndiyo ijazwe kitu kigumu.

Kama karatasi yako ya majaribio ilichanika, tumia nta ya nyuki. Iyeyushe ndani ya kopo lililowekwa katika maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Changanya na unga laini wa makala ikiwa unataka mstari mweusi, au na vumbi la tofali lililochekechwa ikiwa unataka mwekundu. Mimina, ipoe, kwangua ya ziada kwa kipande cha plastiki. Nta haivumilii sufuria ya moto, lakini inajazwa upya kwa dakika chache.

Kama karatasi ilibaki nzima na ufa ni mwembamba, chini ya milimita 2 hivi, changanya unga wa msumeno wa mbao ile ile na gundi nyeupe. Jaza kwa awamu mbili, kwa sababu ya kwanza itanywea inapokauka.

Kama ufa ni mpana na mbao imetulia, tafuta gundi ya epoksi, ile ya vichupa viwili, katika duka la vifaa vya ujenzi. Funga ufa chini ya meza na kwenye ncha kwa skochi ili isimwagike. Changanya kama maandishi ya kasha yanavyosema, kipimo kwa kipimo. Hapa ndipo urembo wetu wa nyumbani unapoingia: kahawa iliyosagwa, ile ya mashamba yetu wenyewe, inatoa mstari mweusi wenye chembe kama ardhi baada ya mvua. Iwe kavu kabisa kabla ya kuichanganya. Mimina kidogo, subiri povu litoke, ongeza. Acha siku nzima Beni, na zaidi katika baridi ya Butembo. Kisha msasa namba 80, halafu 120, halafu 180.

Mwisho, paka vanishi juu na chini. Chini pia, tafadhali. Meza iliyopakwa juu tu inakunywa unyevu kwa upande mmoja na kujikunja kama jani. Usipake mafuta ya mawese wala ya karanga. Hayakauki, yatanata na kutoa harufu. Mafuta ya kitani yanakauka, ukiyapata. Lakini kitambaa ulichopakia mafuta hayo kitandaze nje kikauke kabla ya kukitupa, kwa maana kikikunjwa kinaweza kushika moto chenyewe.

Tahadhari za mama

Epoksi na vanishi zifanyiwe kazi nje au penye madirisha wazi. Watoto wachanga na mama mjamzito wakae mbali na harufu hiyo. Epoksi isiguse ngozi. Mfuko wa plastiki mkononi unasaidia ukikosa glavu. Funika mdomo na pua wakati wa msasa. Patasi isukumwe kutoka kwako kwenda mbele, na mkono wa pili usikae mbele yake. Baada ya yote, nyama na samaki visikatwe juu ya ufa uliojazwa. Tumia kibao cha kukatia.

Kazi ya kikundi

Mama mmoja kununua patasi, tupa, koleo na keekee kwa ajili ya meza moja ni hasara. Kikundi cha muso au cha akiba kikinunua seti moja, ikatunzwa na mtu mmoja na kuandikwa katika daftari kila inapotoka, meza za wanachama wote zitapita. Anza na ubao wa mabaki. Kata vipepeo viwili au vitatu vya mazoezi kabla ya kugusa meza ya mtu. Waite mabinti nao. Mkono unaoshona sare za shule bila kupotosha mstari una uwezo wa kufuata mstari wa kisu kwenye mbao. Baada ya meza zenu, majirani watauliza bei, na hapo kikundi kitakuwa kimepata kazi mpya.

Na siku mtakapoagiza meza mpya, muulizeni fundi mambo matatu kabla ya kutoa malipo ya kwanza. Mbao ilipasuliwa lini, na ilikauka kivulini kwa muda gani? Kiini cha mti kimo ndani ya uso wa meza? Kiini ndicho kinachopasuka kwanza. Na mbao za chini atazishika kwa misumari, au kwa skrubu zenye nafasi? Fundi mwema atafurahi kuulizwa. Asiyetaka kuulizwa, mwacheni na meza yake.

Jioni ya leo, vyombo vikishaoshwa, geuzeni meza miguu juu, tazameni misumari, bandikeni kipande cha karatasi juu ya ufa na kuandika tarehe. Kazi imeanza.